Hatua ya Kumi na Saba

Dolno Kamene, 9 Machi 2017

Bwana Yavor Milchev,
Ofisi ya Taratibu, Sofia.

Habari za kazi. Mimi ni Stoyna Kandeva, karani wa michakato katika kiwanda chetu cha vikombe vya umeme, vile vya kauri vinavyoshika waya juu ya nguzo, huku Dolno Kamene. Tumewahi kuongea kwa simu mara mbili, na mara zote mbili ulikuwa na haraka. Naandika kwa mkono na kumpa Gencho, dereva anayewaletea sampuli kila Alhamisi, kwa sababu ujumbe wa kompyuta kutoka ofisini kwenu ulisema nijibu kwa fomu, na fomu hiyo mimi siijazi.

Jumatatu nilifungua ramani ya mchakato wetu, ile yenye visanduku na mishale kuanzia udongo unapoingia mpaka kreti zinapotoka. Kisanduku cha kumi na saba kimegeuka kijivu. Pembeni yake programu imeandika: "Hatua hii haina mmiliki. Itafungwa tarehe 26 Machi."

Hatua hiyo inaitwa Kugonga na Kusikiliza. Mmiliki wake ni Rashko Kandev. Alikuwa mume wangu. Alifariki tarehe 14 Februari, siku ya kupogoa mizabibu. Aliomba ruhusa ya asubuhi kazini, akapogoa mistari miwili, akamimina divai kidogo shinani kama ilivyo desturi, akaanza wa tatu. Nilimkuta amekaa chini, ameegemea nguzo ya mzabibu, mkasi uko mapajani. Nilidhani anapumzika. Nilirudi ndani kumwekea kahawa.

Sikuandikii ili unipe pole. Nakuandikia kwa sababu ni wewe unayeshika mipangilio ya programu hiyo kwa viwanda vyote vitatu, na hapa hujawahi kufika. Basi nikueleze. Kikombe kikitoka tanurini na kupoa, tunakining'iniza kwenye ndoano na kukigonga mara moja kwa nyundo ya mbao. Kikiwa kizima kinalia, na mlio unakaa. Kikiwa na ufa, hata ule ambao jicho haliuoni, kinajibu kama mtu mwenye mafua. Hicho kinatupwa. Mashine ya umeme kule mwisho inapima kimoja katika kila ishirini, tena kikiwa kikavu. Mvua ikiingia kwenye ufa, na baridi ikaja nyuma yake, kikombe kinapasuka juu ya nguzo. Waya unaanguka, na huwezi kujua nani anapita chini.

Rashko aligonga kwa miaka thelathini na mmoja. Hatua hiyo haitafungwa.

Stoyna Kandeva


Sofia, 16 Machi 2017

Bi Kandeva,

Pole sana kwa msiba.

Mpangilio huu haukuwekwa kwa ajili ya mumeo. Unahusu viwanda vyote. Jina la mfanyakazi linapofungwa katika orodha ya wafanyakazi, hatua zake hukaa siku arobaini bila mmiliki, kisha hujifunga zenyewe. Nia ni kwamba ramani isibaki na kazi ambazo hakuna anayezifanya.

Njia ya kuizuia ni kutaja mmiliki mpya kwa fomu. Fomu ina visanduku vinne vya lazima: chombo cha kupimia, kipimo, kiwango cha chini na cha juu, na cheti cha mpimaji. Bwana Kandev aliingizwa mwaka 2009, kabla visanduku hivyo havijafanywa vya lazima, ndiyo maana vyake ni vitupu. Chombo lazima kichaguliwe kutoka kwenye orodha. Vipo sitini na viwili. Usipokiona chako, chagua "Nyingineyo".

Nyongeza: Kwenye kumbukumbu za hatua ya 17 naona kila siku ya kazi imesainiwa kwa namba ya siri ya marehemu, mpaka jana. Bila shaka ni kosa la mfumo. Naomba unithibitishie.

Wako katika kazi,
Yavor Milchev


Dolno Kamene, 22 Machi 2017

Bwana Milchev,

Orodha nimeisoma yote, kuanzia mizani hadi mwisho. Kuna hata chombo cha kupimia unyevu wa nafaka, na kiwanda hiki tangu kijengwe hakijanunua punje. Sikio halimo. Unaniambia nichague "Nyingineyo". Mume wangu hakuwa Nyingineyo. Sitachagua.

Sasa nami nikuulize. Nani aliyechagua arobaini? Waliotuuzia programu wametoka mbali, wao hawajui arobaini ni nini. Huku kwetu mtoto mdogo anajua kwamba siku arobaini roho bado inazunguka inapopajua, inagusa kitasa, inakaa kwenye kiti chake, na ya arobaini ndiyo inaondoka. Nyinyi mkaona hiyo ndiyo siku ya kumfungia mlango. Watu husema siku za mwizi ni arobaini. Rashko hakuiba hata msumari, nanyi mnamhesabia zilezile.

Gencho atakupa bakuli la ngano ya kuchemsha, yenye sukari na zabibu kavu. Arobaini yake ni Jumamosi, nimetangulia kwa sababu Gencho Jumamosi haji. Kula, useme Mungu amsamehe. Huna haja ya kuwa umemjua. Bakuli ulirudishe, lilikuwa la mama mkwe wangu. Lina ufa. Likigongwa utajua.

Ile nyongeza yako ya chini sikuisoma vizuri. Uliiandika kwa herufi ndogo.

Stoyna Kandeva


Sofia, 30 Machi 2017

Bi Stoyna,

Bakuli hilo hapo. Nililigonga kabla ya kuliosha na baada ya kuliosha.

Ngano tulikula watu wanne. Bi Rangelova, mkurugenzi wetu, alipita, akachukua kijiko kimoja akiwa amesimama mlangoni, akasema "Mungu amsamehe," akaondoka. Hakuuliza ni nani.

Umeuliza kuhusu arobaini. Ni mimi. Programu ilidai namba kati ya thelathini na sitini, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Mkono ukaandika arobaini. Sikufikiri, na sikujua kwamba sikufikiri mpaka niliposoma barua yako. Ilikuwa Oktoba. Bibi yangu alikuwa amefariki Septemba, na kila jioni mama alinipigia simu kuniambia zimebaki siku ngapi, kana kwamba naweza kusahau. Mtaalamu mgeni aliyekuwa akitufundisha programu alitazama begani kwangu akauliza, "Kwa nini si thelathini?" Nikamjibu arobaini ni ya kawaida. Kwetu ni ya kawaida.

Nimeisogeza mpaka sitini, ndio ukomo wake. Hatua yako ina uhai mpaka tarehe 15 Aprili, Jumamosi ya kabla ya Pasaka. Nimeisogeza kwa viwanda vyote vitatu ili isionekane kama upendeleo.

Ile nyongeza, nairudia kwa herufi kubwa kidogo. Bi Rangelova ameziona saini. Anasema kuna mtu huko anajifanya marehemu, na kutumia namba ya mwenzako ni kosa la kufukuzwa. Mmoja wa wakaguzi amemtajia Valko wa tanuri, kwamba ndiye yuko jirani na benchi. Kama ni yeye, niambie kabla hawajaja. Nitatafuta namna.

Yavor


Dolno Kamene, 5 Aprili 2017

Yavor,

Mwacheni Valko. Valko hawezi kunyamaza muda wa kutosha kusikia hata kengele ya chakula. Ni mimi.

Naandika wazi ili muweke kwenye faili. Mimi, Stoyna Kandeva, tangu tarehe 20 Februari nagonga vikombe kuanzia saa sita na dakika kumi mpaka saa saba, wenzangu wanapokula, na tena saa nzima baada ya kengele ya kutoka. Nabonyeza namba yake kwa sababu kile kidude cha ukutani cha kusainia hakiikubali yangu. Namba ni 1983, mwaka tuliooana. Sasa unaijua. Ifungeni mkitaka, nitagonga bila kubonyeza.

Hakuna aliyenifundisha. Nilikaa naye mezani tu. Rashko alikuwa hagusi sahani kabla hajaigonga kwa ukucha. Sokoni wauza matikiti walikuwa wakimwona anakuja wanafunika. Mmoja alimwambia, "Kandev, leo gonga kichwa chako kwanza, kikilia nitakuuzia." Akagonga kichwa chake, akanunua mawili. Kahawa hakuikoroga nikiwa naongea, alisema kijiko kinanikatiza. Jioni nilijua siku ilivyokwenda kabla hajafungua mlango. Akija anapiga mluzi, vikombe vilikuwa vizuri. Akija kimya, nilimwongezea supu.

Siku ya kwanza benchini niligonga kikombe cha kwanza na kunyoosha mkono kukishusha, nikamsikia anasema, "Subiri." Usidhani nina wazimu. Ni mazoea tu. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa ananiambia hivyo kila nilipofungua mdomo kabla mlio haujaisha.

Gencho anakuletea vikombe viwili kwenye majani makavu. Kimoja nimekifunga uzi mwekundu, kingine mweupe. Ni nyuzi za Machi mosi, zile tunazovaa kwa bahati mpaka tumwone korongo wa kwanza, nimezikata mkononi mwangu. Korongo bado sijamwona, lakini mwaka huu naona bahati imeshaamua. Vipimeni kwenye mashine yenu ya umeme huko makao makuu. Kisha kila mmoja wenu agonge kwa kijiko cha mbao. Kimoja ni kibovu. Niambie kipi.

Stoyna


Sofia, 13 Aprili 2017

Bi Stoyna,

Vyote viwili vimefaulu kwenye mashine.

Kisha tukagonga. Ofisi nzima iligonga, kwa muda hakuna aliyefanya kazi. Bi Rangelova aligonga kwa kalamu akasema, "Vyote ni vyungu." Todorka, anayetusafishia, alisimama na ndoo yake akasema, "Chekundu ni kengele. Cheupe ni mlango wa choo." Wakacheka. Mimi sikusikia tofauti. Niligonga tena wao walipokwenda, na tena. Mara ya saba nilisubiri, kama ulivyosema. Mlio wa chekundu ulikuwa bado upo nilipokuwa nimeshaanza kuwaza mambo mengine. Wa cheupe ulikwisha kabla sijawaza lolote.

Ijumaa nililoweka vyote viwili ndani ya ndoo ya Todorka, nikaviweka kwenye friza ya jikoni karibu na nyama yake ya kusaga. Jumatatu cheupe kilikuwa vipande viwili. Niliviweka mezani kwa Bi Rangelova. Akasema, "Kikombe kimoja si ushahidi, Milchev. Ni vipande viwili tu."

Kuna jambo nilipaswa kukuambia tangu barua ya kwanza. Kuna ramani mpya. Ina hatua kumi na sita, halafu mashine ya umeme. Itaanza kutumika Jumanne baada ya Pasaka. Niliichora mimi, mwezi Januari, mumeo akiwa mzima. Walisema kugonga kunachukua dakika nne kwa kila kreti na hakuna karatasi inayobaki nyuma yake. Nikaifuta hatua ya kumi na saba. Ilinichukua muda wa kubonyeza mara moja. Nilipokuambia ujaze fomu nilijua kwamba hata ukiijaza haitafika mbali. Hizi siku ishirini nilizokuongezea hazikuwa na maana, ila kwamba nilitaka kukupa kitu.

Kuhusu namba yake ya siri usiogope. Kwenye ripoti nimeandika kwamba lilikuwa kosa la mfumo.

Nisamehe.
Yavor


Dolno Kamene, 20 Aprili 2017

Bwana Milchev,

Kristo amefufuka. Nasema hivyo kwa sababu ndiyo wiki yake, si kwa sababu nimekusamehe.

Umenificha mara moja, na mara ya pili ukaficha kwa niaba yangu. Ya kwanza naielewa, ulitumwa. Ya pili siitaki. Mimi si kosa la mfumo. Nimesimama kwenye benchi lile miezi miwili na miguu imevimba, nawe unaandika kwamba hakuna mtu. Futa neno hilo, uweke jina langu.

Jumanne ramani yenu ilibandikwa mlangoni, karatasi nzuri, ya rangi. Kile kidude cha ukutani wameking'oa, limebaki tundu. Saa sita na dakika kumi nikavaa aproni ya Rashko nikaanza. Meneja wetu, Bwana Petkov, akaja na karatasi mkononi.

"Bi Stoyna," akasema, "hatua hii haipo."

Valko alikuwa anasukuma toroli kutoka tanurini. Akasema, "Haipo vipi, bosi? Mimi naiona pale. Imevaa aproni."

"Kwenye ramani haipo."

"Kwenye ramani hata choo hakipo, na wewe umetoka huko sasa hivi."

Petkov akamwambia apeleke toroli moja kwa moja kwenye kufungasha. Valko akakaa juu ya toroli. Akasema mgongo umemkamata. Petkov akawaita kina mama wa kufungasha waje walisukume wao. Wakaja, wakasimama, wakakunja mikono. Yule mkubwa wao, Ginka, akasema, "Sisi hatufungi kisicholia, mwanangu. Tukikufungia kibovu, jina kwenye kreti ni letu."

Petkov si mtu mbaya. Babake alikuwa fundi wa tanuri hapahapa. Akatazama karatasi, akanitazama mimi. "Gonga basi," akasema. "Lakini upesi."

"Upesi haiwezekani," nikamwambia. "Ukifanya upesi hujafanya."

Tangu Jumanne nimegonga vikombe mia tatu na arobaini. Tisa vibovu. Nimevipanga dirishani, njoo uvione, hakuna hata kimoja ambacho jicho lako litakikataa. Barua kutoka kwenu imefika kwa Petkov: mpaka mwisho wa mwezi niwe nimeondoka benchini, nirudi kwenye kompyuta au niende nyumbani. Ameniomba niwe na akili. Nimemwambia akili ninayo, ndiyo maana naibakiza hapa.

Sitaondoka. Waje wanibebe, na wakinibeba watanisikia nikilia, kwa sababu mimi sina ufa.

Stoyna Kandeva


Sofia, 27 Aprili 2017

Bi Stoyna,

Amefufuka kweli.

Jina lako nimeliandika. Nakueleza nilichofanya jana kwa utaratibu, ili mtu akikuuliza usiseme hujui.

Kwanza nilifungua orodha ya vyombo, nikaongeza cha sitini na tatu: Sikio. Kipimo chake: kinalia, au hakilii. Programu ikadai kiwango cha chini na cha juu, ikakataa kuendelea mpaka niandike. Nimeandika: mpaka mlio uishe. Kwenye cheti inataka jina la chuo. Nimeandika: aliyekaa mezani na fundi. Ikakubali. Inataka maneno tu, haijui ni maneno gani.

Kisha nimeirudisha hatua ya kumi na saba kwenye ramani mpya, palepale ilipokuwa. Mmiliki ni Stoyna Kandeva. Mmiliki lazima awe hai, hilo sikuweza kulipita, nimejaribu. Lakini kuna kisanduku kinachoitwa Asili ya Hatua. Watu hukiacha kitupu, au huweka namba ya sheria fulani. Humo nimeandika: Rashko Kandev, 1986–2017. Mtu yeyote akipeleka kipanya juu ya hatua hiyo, kabla hajabonyeza chochote, jina hilo linajitokeza.

Mpangilio wa mwisho ni huu. Hatua iliyoandikiwa asili haifutwi ila kwa saini ya mmiliki wake. Na mpangilio huo wenyewe haubadilishwi ila kwa saini hiyohiyo. Katika viwanda vyote vitatu hatua yenye asili ni moja.

Vyote hivi nimevisaini kwa namba yangu. Ile ripoti ya kosa la mfumo nimeifuta na kuandika nyingine: kwamba hatua haikuwahi kukosa mmiliki hata siku moja, ila sisi hatukuwa na mahali pa kumwandika. Bi Rangelova ameisoma. Amenitaka ofisini kwake Jumanne.

Fomu sasa inajazika. Ijaze, nakuomba. Ina kisanduku cha mrithi wa hatua, na hicho nimekiacha kiwe cha lazima. Kwa hilo utanisamehe baadaye.

Cheupe, vile vipande viwili, ninavyo kwenye begi. Chekundu nimekiacha mezani kwa Todorka.

Yavor


Dolno Kamene, 14 Agosti 2017

Yavor mwanangu,

Barua yangu ya Mei Gencho aliirudisha bila kufunguliwa. Alisema meza yako ina mtu mwingine na maua ya plastiki. Nilikasirika, halafu nikakaa chini. Anwani ya mama yako huko Pernik nimeipata kwa Todorka, ambaye anasema uliondoka na begi moja na hukuaga mtu ila yeye. Sijui kama umepata kazi. Mpe mama chupa hizi mbili za pilipili hoho, nimezichoma mwenyewe, na umwambie ana mtoto mkaidi. Atafurahi, ingawa atajidai hafurahi.

Fomu niliijaza siku ileile barua yako ilipofika. Mwisho wa mwezi ulipita na hakuna aliyekuja kunibeba, maana ramani ilikuwa imeshasema nipo. Petkov aliichapa upya, akaibandika mlangoni juu ya ile ya kwanza. Akasema, "Sasa ipo." Valko akamwambia, "Pole, bosi, macho yanachelewa kwa watu wengine." Kidude cha ukutani wamekirudisha. Namba yangu inakubaliwa.

Bi Rangelova amenipigia mara tatu. Ya kwanza aliniamuru, ya pili aliniomba, ya tatu aliuliza afya yangu. Kila mara anataka saini moja tu ya kufuta. Nimemwambia mimi huandika kwa mkono kila siku, ila saini hiyo mkono wangu haujui inavyoandikwa.

Sasa nami nina la kukwambia, kwa kuwa wewe uliniambia lako. Nilikulaumu kwa kunificha, huku nami nimeficha. Sikio langu la kushoto linafifia. Lilianza mwaka juzi. Rashko aliligundua kabla yangu, akahama upande wa meza bila kusema neno, akawa anakaa kuliani kwangu. Fomu yako ya kwanza sikuikataa kwa ajili ya "Nyingineyo" peke yake. Niliogopa cheti. Niliogopa daktari aandike kwamba mjane wa Kandev hasikii, na hatua ife na sisi wote wawili. Nimegonga kwa sikio la kulia. Lile bado ni zima, lakini sidhani litanivumilia miaka mingi. Kwenye fomu niliandika hivyohivyo: la kushoto dhaifu, latumika la kulia. Programu ikakubali.

Kwa hiyo kisanduku cha mrithi ulifanya vyema kukilazimisha. Nimemwandika Valko. Usicheke. Nimemsimamisha benchini Juni yote.

"Subiri, Valko."

"Nasubiri nini, mama?"

"Sauti iishe."

"Mbona haiishi?"

"Ndiyo nzuri hiyo."

Ana miaka hamsini na mbili, na nadhani ni mara ya kwanza maishani kunyamaza na kupenda. Wiki iliyopita alikataa kikombe ambacho mimi nilikuwa nimekipitisha. Nilikigeuzia sikio la kulia, nikagonga tena. Alikuwa amepatia. Nilikwenda chooni nikakaa kidogo. Januari nastaafu, na yeye atakuwa mmiliki. Kuhusu ile saini, ameniambia nisiwe na wasiwasi, shuleni alikuwa wa mwisho na kuandika hajui.

Leo ni miezi sita. Tangazo la kumbukumbu lenye picha yake nimelibandika getini kiwandani, ile picha ya harusi ya binamu yake, anacheka na tai imepinda. Wafanyakazi walipita wakaligusa. Mstari wa tatu wa mizabibu sikuupogoa mwaka huu. Umekwenda ulikotaka, umevuka hadi uani kwa jirani. Ananiambia niukate. Nimemwambia nao una mwenyewe.

Siku moja utakuwa njiani, mvua inanyesha, baridi inauma, na utaona nguzo za umeme zimesimama zimepangana mpaka mlimani na hakuna kinachotokea. Hiyo ndiyo kazi ya Rashko. Simama kidogo, umkumbuke. Na ukiwa umeshasimama, nikumbuke na mimi.

Stoyna